Waacheni Wapenzi wa Mpira, Geukieni Mkeka

Kwa miaka minne mfululizo hatua ya mtoano ya mashindano ya Afrika iliangukia kwenye sikukuu kubwa za Kanisa, na kwa miaka minne mfululizo sisi wapenzi wa mpira wa Kasulu na Kibondo tulihubiriwa. Tarehe 17 Aprili 2022, Jumapili ya Pasaka, Simba walicheza na Orlando Pirates ya Afrika Kusini robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Tarehe 28 Mei 2023, Jumapili ya Pentekoste, Yanga walicheza fainali ya kombe hilohilo na USM Alger ya Algeria. Mwaka 2024 ukazidi: Simba na Al Ahly ya Misri tarehe 29 Machi, Ijumaa Kuu, Yanga na Mamelodi Sundowns kesho yake, Jumamosi Kuu, uwanja uleule wa Benjamin Mkapa. Na tarehe 20 Aprili 2025, Pasaka tena, Simba na Stellenbosch nusu fainali kule Amaan, Zanzibar.

Hakuna aliyekaa mahali akapanga kalenda hiyo ili kulikomoa Kanisa. Mtoano huchezwa kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Juni, na Pasaka yetu haitoki nje ya Machi na Aprili. Vitaendelea kukutana maadamu timu zetu zinafika huko, na sisi tunataka zifike. Kwa hiyo jambo hili linahitaji kujibiwa waziwazi, si kununiwa kimya kimya kwenye benchi la nyuma.

Mahubiri tuliyoyasikia yana sura tatu. Ya kwanza inasema jezi ni sanamu, na anayeivaa amejifunga kwa miungu mingine. Ya pili inahesabu muda: mtu anakaa dakika tisini bandani, na dakika za nyongeza, na penalti, lakini mahubiri yakizidi nusu saa anaanza kutazama saa. Ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi, kwa sababu huleta kicheko na aibu kwa pamoja: kama mngemshangilia Yesu jinsi mnavyomshangilia Mayele, wilaya hii ingekuwa imeokoka zamani.

Ya kwanza tunaipita haraka. Sanamu ni kitu unachokiomba kikupe mvua, mtoto na afya. Hatujamwona mtu Kasulu aliyepiga magoti mbele ya jezi ya kijani au nyekundu akaomba mahindi yake yasiliwe na viwavi. Jezi ni nguo. Akina mama wetu wana vitenge vyenye picha za viongozi wa dini na wa siasa, na hakuna aliyewahi kuwaambia wavichome.

Ya pili ina ukweli kidogo, ila haina haki. Tuitazame kazi ya wiki kwa uaminifu. Kikao cha harusi huanza saa kumi alasiri na kuisha saa mbili usiku, kwa wiki nane au kumi, na robo tatu ya muda ni kubishana juu ya sare na kreti za soda. Vikao hivyo hufunguliwa kwa sala, mara nyingi na haohao wanaohesabu dakika zetu bandani. Hatusemi harusi ni mbaya. Tunasema kipimo kiwe kimoja.

Ya tatu ndiyo yenye hatari, kwa kuwa inafundisha jambo la uongo kuhusu ibada. Inatuambia kwamba upendo hupimwa kwa kelele. Sisi tumelelewa na watu wa nchi hii ya vilima, na tunajua walivyo. Mama anayeamka alfajiri kwenda kupalilia maharage ya watoto wake hapigi vigelegele akiwa njiani. Mzee aliyeuguza mke wake miaka sita hakuwahi kuruka juu. Kama Mungu anatafuta kelele tu, basi hao wote wamekosa, na aliyeshika kipaza sauti ndiye mtakatifu kuliko wote. Mpira unashangiliwa kwa sababu ni mchezo. Goli likiingia mtu anaruka kama anavyoruka mtoto akimwona baba yake anatoka safari. Dakika mbili baadaye amekaa. Ibada ni kitu kingine; inatakiwa ibaki hata pale ambapo hakuna goli.

Na hapo ndipo tunapotaka kuwageuzia mazungumzo waliotuhubiri.

Mnajua nini hasa kinatokea bandani? Kiingilio ni shilingi mia tano, mechi kubwa elfu moja. Mabenchi ni mbao zilizopigiliwa juu ya vipande vya miti. Kabla umeme wa gridi ya taifa haujafika kwetu, tulichangia mafuta ya jenereta, na mara kadhaa lilizimika penalti ikiwa inapigwa. Kwenye benchi moja anakaa mwalimu wa sekondari, mwendesha bodaboda, mwinjilisti, imamu wa msikiti mdogo wa stendi, na mwenye duka anayewadai wote wanne. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwetu na wengi wa hao hawajawahi kuiona. Mwaka 2021, tarehe 25 Julai, Simba na Yanga walipoletwa Kigoma kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho la nchini katika Uwanja wa Lake Tanganyika, watu walishuka kutoka huku juu kama wanaokwenda kumwona ndugu aliyepotea utotoni. Nayo ilikuwa Jumapili.

Wanachokifuata watu hao kwa miaka yote hii, kwa sehemu kubwa, ni kushindwa. Hili ndilo wahubiri wetu hawalijui. Wanadhani tunakwenda bandani kula ushindi. Tangu mashindano ya Afrika yaanze, hakuna klabu ya Tanzania iliyowahi kutwaa kombe la bara. Wazee wetu wanasimulia mwaka 1993, Simba walipotoka sare ya bila kufungana Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF, taifa zima likajiandaa kusherehekea, kisha Stella wakaja Dar es Salaam wakashinda 2-0. Mwaka 2019, sare ya bila magoli na TP Mazembe nyumbani, kisha 4-1 Lubumbashi. Mwaka 2021, kufungwa 4-0 na Kaizer Chiefs, kisha kushinda 3-0 nyumbani na kukosa goli moja tu la kulazimisha penalti. Mwaka 2022 penalti kwa Orlando Pirates. Mwaka 2023 penalti kwa Wydad.

Na ile ya Yanga ya 2023, ambayo tungependa iandikwe katika vitabu vya shule ya Jumapili. Siku ya Pentekoste walifungwa 2-1 nyumbani. Mtu mmoja alipoteza maisha katika msongamano uwanjani siku hiyo, na familia yake haikuwa na habari tena na matokeo. Tarehe 3 Juni Yanga wakaenda Algiers, mahali ambapo hakuna aliyewapa nafasi, Djuma Shaban akafunga penalti mapema, na wakashinda 1-0. Jumla 2-2. Kombe likaenda kwa USM Alger kwa sheria ya magoli ya ugenini. Walishinda mchezo na kupoteza kombe jioni moja. Bandani watu walikaa wakitazama wenzao wakivalishwa medali, na hakuna aliyetoka mpaka mwenye banda alipozima televisheni.

Mwaka uliofuata, Pretoria, shuti la Aziz Ki liligonga mwamba wa juu likadunda chini. Sisi tuliona limevuka mstari. Mwamuzi hakuona hivyo, wala waliokaa kwenye chumba cha video. Bila kwa bila, halafu penalti, halafu nyumbani. Mwaka 2025 zamu ya Simba: fainali na RS Berkane ya Morocco, 2-0 ugenini, na tarehe 25 Mei kule Amaan, Joshua Mutale anafunga mapema, matumaini yanapanda, Kagoma anapewa kadi nyekundu, goli la Mukwala linakataliwa baada ya video, na katika dakika za nyongeza Berkane wanasawazisha. Nayo ilikuwa Jumapili.

Sasa tuulize. Mtu anayejua haya yote, aliyelia 2019, 2021, 2022, 2023, 2024, anarudi Machi inayofuata na shilingi elfu moja mkononi. Nani aliyemwahidi chochote? Hakuna. Hajapewa neno la unabii kwamba huu ni mwaka wake. Anarudi kwa sababu ni wao, na yeye ni wao. Tunathubutu kusema kwamba hapo pana mfano mdogo, wa kitoto ukipenda, wa kitu ambacho Kanisa lilipaswa kutufundisha na siku hizi halitufundishi. Vijana watatu wa kitabu cha Danieli walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, hawatainama. Hayo maneno ya pili tumeyasikia mara ngapi mimbarani hapa kwetu katika miaka kumi iliyopita?

Tulichosikia ni kingine. Tumesikia mwaka wa kuvuka. Tumesikia mwezi wa kupokea. Mikutano inafungwa maspika karibu na soko, mhubiri anatoka mbali, na baada ya nyimbo tatu anaanza kuita mbegu: aliye na elfu hamsini apite mbele kwanza, halafu elfu ishirini, halafu wenye elfu moja moja mwishoni kabisa, karibu na giza. Aliyetoa na hakupona anaambiwa imani yake ilipungua. Hiyo ndiyo injili ya ushindi, na tunaipinga kwa jina la Ayubu, ambaye rafiki zake walimweleza kwa ufasaha mkubwa kwamba aliyepoteza lazima amekosea mahali, na Mungu mwenyewe akaja kuwakemea wao, si yeye. Mpenzi wa Yanga aliyekaa kimya usiku ule wa Algiers hakumwambia jirani yake kwamba wamefungwa kwa sababu ya dhambi za watani. Ana elimu ya kushindwa. Mwacheni akae nayo, huenda siku ya msiba wake itamfaa.

Hii ndiyo sababu pia tunakataa zile sala za kuombea timu, zinazofanywa na baadhi ya wenzetu wapenzi. Mungu hana jezi. Kumwomba mchezaji asiumie ni sawa. Kumwomba Bwana wa majeshi aingilie mlingoti wa goli ni kumfanya mganga. Tulipata fundisho la kutosha tarehe 9 Aprili 2024, Mashujaa wa Kigoma walipowatoa Simba kwa penalti katika kombe la nchini, kule Lake Tanganyika. Wapenzi wa Simba wa Kasulu waliofunga na kuomba hawakujua washukuru kwa ajili ya mkoa au waomboleze kwa ajili ya klabu. Waliishia kucheka, na ndivyo ilivyofaa.

Tumesema yanayotetea banda. Sasa tuseme yanayoliua, maana yapo, na hayo mimbara haijayagusa.

Ni mkeka.

Kijana anaingia bandani siku hizi huku macho yako kwenye simu, si kwenye televisheni. Ana mechi kumi: moja ya Simba, nyingine za Uturuki, Brazil, na nchi ambayo hajui iko upande gani wa dunia. Simba wakifunga hashangilii mpaka ahakikishe kwamba goli hilo halijaharibu hesabu yake. Tumeona mpenzi wa Yanga tangu tumboni mwa mama yake akiweka pesa Yanga wafungwe. Hapo upenzi umekufa. Kile kitu kimoja kizuri tulichokitetea hapo juu, cha kurudi bila ahadi, kimegeuzwa kuwa bei. Kwa hiyo tunapowapinga wahubiri wa mbegu na tunapoupinga mkeka, adui yetu ni mmoja. Wote wawili wanasema: weka kidogo, kwa imani, upate mara hamsini. Wote wawili ukikosa wanakulaumu wewe: hukuamini vizuri, hukuchambua vizuri. Na kwa wote wawili, anayekusanya hapotezi.

Kwa kuwa vijana husema wazee hawajui hesabu za mkeka, tuzifanye. Chukua mechi kumi, na kila moja kampuni inalipa mara moja na nusu. Ukizidisha moja na nusu kwa yenyewe mara kumi unapata kama 57. Kwa hiyo elfu moja inaahidiwa kuwa elfu hamsini na saba. Inapendeza. Lakini kampuni hailipi kwa haki kamili; lazima ijiwekee chake, la sivyo itafunga ofisi. Tuseme inajiwekea shilingi 5 tu katika kila 100, kwa kila mechi. Kwenye mechi moja huioni hiyo tano. Kwenye mechi kumi zilizofungwa pamoja inajirudia mara kumi, na nafasi yako halisi ya kupata zote inakuwa kama moja katika 96. Mtu akiweka mikeka 96 ya elfu moja moja, ametoa 96,000, na kwa wastani atarudishiwa kama 57,000. Yaani katika kila elfu, mia nne zimekwenda. Hakuna mchuuzi wa maharage katika soko la Kibondo anayeweza kukupunja mia nne kwa kila elfu na ukarudi kwake Jumamosi inayofuata. Mkeka unarudiwa kila siku.

Na ni pesa gani inayokwenda? Si ya matajiri. Ni ya maharage yaliyouzwa yangali shambani kwa bei ya hasara. Ni ya hisa za kikundi, ya sare ya shule, ya dawa. Kijana mmoja wa kwaya yetu aliuza baiskeli ya baba yake, ile iliyobeba mikungu ya ndizi na ndiyo iliyomsomesha, kisha akaacha kuja mazoezini kwa kuona aibu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inawakataza walio chini ya miaka 18. Nenda kwenye vibanda vya mashine za kubahatisha saa za masomo ukawaulize wanaotumbukiza sarafu wako darasa la ngapi.

Tunajua majibu yatakayokuja. La kwanza, kwamba serikali imeruhusu na inakusanya kodi. Kweli, na pombe pia imeruhusiwa, lakini hatujaona kanisa likikaa kimya juu ya pombe kwa sababu inalipa kodi. La pili, kwamba klabu zetu wenyewe zinadhaminiwa na kampuni hizo. Kweli tena: mwaka 2017 Simba na Yanga wote waliingia mkataba na SportPesa, na mwaka 2022 Simba wakahamia M-Bet. Mpenzi anayevaa jezi anavaa tangazo hilo kifuani, na hatuna namna ya kulikwepa isipokuwa kuzisema klabu zetu, jambo ambalo mpenzi wa kweli ana haki nalo kuliko mtu mwingine yeyote. La tatu ni la wajanja wa Biblia: kwamba mitume walipiga kura kumpata Mathia. Ndiyo, walipiga, lakini hakuna aliyeweka pesa juu ya Yusufu Barsaba. Ukitaka kura yenye faida ndani yake, iko mahali pengine katika Maandiko. Iko chini ya msalaba, askari wakigombea vazi lisilo na mshono huku mwenye vazi anakata roho juu yao. Usiku wa Ijumaa Kuu ya 2024 tulihubiriwa juu ya waliokwenda kumtazama Al Ahly. Juu ya waliokaa wakihesabu mikeka usiku uleule, hakuna aliyesema neno, na picha yao ilikuwa imesomwa katika Injili asubuhi hiyohiyo.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linawahusu wapenzi na wahubiri kwa pamoja.

Msimu wa 2022/23 wafungaji bora wa Ligi Kuu walikuwa wawili, wamelingana kwa mabao 17. Mmoja Fiston Mayele wa Yanga, ambaye pia aliongoza kwa mabao 7 katika Kombe la Shirikisho Afrika. Mwingine Saido Ntibazonkiza wa Simba. Mayele ni Mkongo. Saido ni Mrundi. Watoto wote wa Kasulu walijua kutetema kama Mayele. Wajukuu zetu walitetema mpaka kwenye ngazi za kanisa. Sasa, kambi ya Nyarugusu iko wilayani Kasulu tangu 1996, na wengi waliomo ni Wakongo. Kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya 2015 kwa ajili ya Warundi. Hao ni watu wa mataifa yaleyale mawili. Warundi wanasema lugha ambayo bibi zetu wanaielewa bila mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Na tunasikia jinsi wanavyosemwa: kuku akipotea ni mkimbizi, kuni zikipungua ni mkimbizi, bei ya unga ikipanda ni mkimbizi. Jumapili jioni bandani mtu anaita jina la Mayele mpaka sauti inakauka, na Jumatatu anamwita mtoto wa Kongo jina la kumdhalilisha njiani. Kibu Denis, aliyepewa uraia wa Tanzania mwaka 2021, ametoka katika familia ya wakimbizi kutoka Kongo, na tulimshangilia mpaka fainali ya Berkane. Ni wangapi kama yeye wanacheza sasa hivi kwa mpira wa matambara nyuma ya ua wa kambi? Mhubiri akitaka kuwaaibisha wapenzi wa mpira, tunamkabidhi hoja hii bure. Ni bora kuliko ile ya kelele, na ina nyumba kadhaa za kugonga hapahapa.

Kwa hiyo tunayoyataka si mengi. Pasaka ikikutana na mtoano, ibada iwe asubuhi kama ilivyo siku zote, iwe nzima, isikatwe wala isirefushwe makusudi ili kuwakomesha watu. Watakaokwenda bandani waende wakiwa wamebarikiwa. Jezi ziachwe. Sala za kuombea matokeo zikome. Mhubiri wa mbegu asipewe kiwanja cha kanisa, hata akileta maspika yake mwenyewe. Wazee wa kanisa wenye fremu barabarani wasizipangishe kwa vibanda vya kubeti wala wasiweke mashine za kubahatisha kwenye maduka yao, na wale ambao tayari wamepangisha waambiwe ana kwa ana kabla ya mwaka kwisha, si kwa mafumbo ya mahubiri. Sadaka ya shukrani ya mkeka uliokubali isipokewe. Tunafahamu paa la jengo jipya halijakwisha. Libaki hivyo kwanza.

Na yule kijana wa baiskeli: wapenzi wa Simba na wa Yanga wa mtaa wetu tumechanga, na tumebakiza kama elfu arobaini kufikia bei ya nyingine ya mitumba. Baba yake hajaambiwa. Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya tunakwenda nyumbani kwao, na mwinjilisti amekubali kufuatana nasi, ingawa yeye ni Yanga na kijana ni Simba.